Fantasy imetufanya wote makocha, sasa vikosi vyetu vinafanana

Jumamosi mchana, kabla mpira haujaanza, pita kijiwe chochote cha soka utaona vichwa vimeinama kwenye simu. Watu wanapanga kikosi. Dirisha la Fantasy Premier League (FPL) hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Kwa saa zetu, Jumamosi mara nyingi ni saa 7 au saa 8 mchana, kutegemea Uingereza imebadili saa au la. Ukichelewa, imekula kwako hadi raundi ijayo.

Usiku ndiyo utashangaa zaidi. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alifunga mabao 29, akatoa asisti 18 na kuvuna pointi 344, rekodi ya FPL. Mashabiki kindakindaki wa Manchester United walikuwa wanaruka kwenye vibanda umiza kila akifunga. Hawakuhamia Liverpool. Walikuwa wamempa unahodha.

Imekuwaje mchezo wa kujumlisha pointi ukatugeuza hivi? Wengi watasema ni simu, na hawajakosea. Ila teknolojia hiyohiyo iliyoupa mchezo huu umaarufu, sasa inaanza kuumaliza utamu.

Enzi za kalamu na karatasi

Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko intaneti. Mwaka 1962 Wilfred Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa timu ya Oakland Raiders ya Marekani, alikaa na wenzake hotelini New York wakaandika kanuni za mchezo kama huu kwa ajili ya ule mpira wao wa kubeba mikononi. Kwenye soka, Riccardo Albini alianzisha wa Italia na Andrew Wainstein wa England, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Enzi hizo hesabu zilipigwa kwa mkono na matokeo yalisubiriwa gazetini. Mtu wa Tanga au Kisumu angeingilia wapi?

FPL ilianza msimu wa 2002/03 ikiwa na washiriki wapatao 76,000. Msimu wa 2024/25 ilivuka milioni 11. Kanuni zake hata mtoto anaelewa: unapewa Pauni milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Kiingilio hakuna.

Kilichobadilika katikati hapo ni mambo matatu. La kwanza ni takwimu. Kampuni ya Opta ina watu wanaonakili kila pasi, shuti na ukabaji, hivyo bao likiingia London, pointi zako zinasogea muda si mrefu. La pili ni bando. Kutazama mechi mtandaoni kunalimaliza haraka, lakini kubadili beki au kuangalia pointi kunakula kidogo sana. Mlinzi aliyeko lindoni bila televisheni anaweza kuwa ndani ya mechi sita kwa wakati mmoja.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni ligi ndogo za washikaji. Unatengeneza ligi, unatupia namba yake kwenye kundi la WhatsApp, ofisi nzima inaingia. Mchango unatumwa kwa M-Pesa, mweka hazina anateuliwa, bingwa anabeba mwezi wa tano. Nani anaumia kuwa wa milioni tatu duniani? Kinachouma ni kuwa chini ya shemeji yako asiyejua hata kuotea ni nini.

Kila mtu anajua kila kitu

Tatizo linaanzia hapo. Zamani aliyefuatilia mpira sana alikuwa na faida. Leo programu yenyewe inakuonyesha asilimia ya watu wenye mchezaji fulani, nani ananunuliwa wiki hii na nani anauzwa. Juu ya hapo kuna kurasa chungu nzima za kukuambia nani mgonjwa na nani ana ratiba laini. Wote tunasoma palepale, tunatoka na jibu moja.

Angalia msimu wa 2022/23. Erling Haaland aliwekwa kwa Pauni milioni 11.5, na kuna wakati zaidi ya timu nane katika kila kumi zilikuwa naye. Mwishoni mwa Agosti alipiga mabao matatu dhidi ya Crystal Palace, siku nne baadaye akapiga mengine matatu dhidi ya Nottingham Forest. Ukiwa naye hukupanda popote, maana wote mlipanda. Aliyekosa ndiye aliyezama. Kwa hiyo watu walimnunua kwa woga, si kwa ujanja.

Kiu ya habari ilifika mbali zaidi Februari 2021. Kabla Aston Villa haijacheza na Leicester City, baadhi ya wachezaji wa Villa walimtoa Jack Grealish kwenye vikosi vyao vya FPL. Klabu haikuwa imetangaza kuwa ameumia. Kuna watu walikuwa wanavifuatilia vikosi vya wanasoka hao, wakarusha habari Twitter. Siku ya mechi Grealish hakuwepo kweli, Villa ikalala 2-1, na kocha Dean Smith akalazimika kulijibu suala hilo mbele ya waandishi. Siri ya kambini ilikuwa imevujia kwenye mchezo wa simu.

Beki naye kaonekana

Sisemi teknolojia imeharibu kila kitu. Msimu wa 2025/26 FPL ilianza kutoa pointi mbili kwa beki anayefikisha jumla ya matukio 10 ya kukaba, kuondosha hatari, kuzuia mashuti na kunasa pasi. Viungo na mastraika wanahitaji 12, wao wakihesabiwa na mipira waliyoiokota. Bila takwimu za kina kanuni hiyo isingewezekana. Ghafla kiungo mkabaji, yule wa kufanya kazi chafu bila kupigiwa makofi, ana watu wanaomshangilia kijiweni.

Hilo ndilo linalonifanya niwaze nyumbani. Shabiki wetu leo anaweza kukutajia beki wa akiba wa Brentford na mechi zake tano zijazo. Muulize beki wa kushoto wa Coastal Union au Mashujaa uone atakavyokukodolea macho. Simba na Yanga anazijua, lakini ligi si timu mbili.

Kama tunataka vijana waifuatilie Ligi Kuu Bara kwa jicho hilohilo, programu nzuri ya simu haitoshi. Kwanza ziwepo takwimu za kila mechi, ya Tanga na ya Kigoma kama ya Kwa Mkapa: nani katoa asisti, nani kakaba mara ngapi, nani majeruhi, na zitoke siku hiyohiyo. Fantasy inasimama juu ya kazi hiyo. England waliifanya kwanza, umaarufu ukafuata.

Na wewe kocha wa kwenye simu, raundi ijayo jaribu kitu kimoja. Tazama mechi kwa macho yako, chagua nahodha uliyemwona mwenyewe, kisha funga ukurasa wa wajuaji. Unaweza kupoteza pointi. Ila ukimpiga shemeji, utakuwa umempiga wewe.