Kodi ya mauzo Marekani: Mwenye duka ndiye atakayebanwa

Mjadala wa kurahisisha kodi ya mapato ya Serikali Kuu ya Marekani hauishi. Kambi moja inataka kodi hiyo ibaki, ila iwe na kiwango kimoja kwa watu wote. Kambi nyingine inataka ifutwe kabisa, na badala yake itozwe kodi ya mauzo ya taifa pale mteja anapolipia dukani. Kila upande unajiita rafiki wa mfanyabiashara. Hesabu zikipigwa, mpango wa kwanza una kasoro zinazovumilika. Wa pili unamtwisha mwenye duka kazi ya serikali nzima.

Kiwango kimoja kilipata umaarufu kupitia kwa Robert Hall na Alvin Rabushka wa Taasisi ya Hoover, ambao mwaka 1981 walipendekeza asilimia 19 kwa mishahara na kwa faida za biashara. Mwaka 1996 Steve Forbes, mwenye jarida la biashara lenye jina lake, aliwania kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais kwa ahadi ya asilimia 17, familia ya watu wanne ikisamehewa dola 36,000 za mwanzo. Alishinda Arizona na Delaware, kisha akaachwa nyuma.

Wapinzani husema mpango huo unawalipisha tajiri na maskini sawasawa. Si kweli. Kwa viwango vya Forbes, familia yenye mapato ya dola 40,000 ingetozwa kwenye dola 4,000 tu, yaani dola 680, ambazo hazifiki asilimia 2 ya mapato yake. Yenye dola 400,000 ingelipa dola 61,880, zaidi ya asilimia 15.

Kwa mwekezaji mdogo kuna neema nyingine. Gawio, riba na faida ya kuuza hisa havitozwi tena mkononi mwake, kwa kuwa kampuni imekwisha kulipa. Mfanyabiashara naye huondoa gharama yote ya mashine au gari mwaka uleule aliponunua. Lakini asishangilie mapema: katika mpango wa Hall na Rabushka, riba ya mkopo wa benki haiondolewi kwenye hesabu ya kodi. Anayejaza duka kwa fedha za kukopa ataumia, na jirani yake mwenye mtaji wake mwenyewe atapumua. Wenye hati fungani za majimbo na miji nao hupoteza, kwani riba zote zikisamehewa kodi, msamaha waliokuwa nao peke yao hauna thamani tena.

Sasa kodi ya mauzo. Muswada wake mashuhuri, uitwao FairTax, uliwasilishwa bungeni mwaka 1999 na John Linder wa Georgia, na umerudishwa mara nyingi tangu hapo, pamoja na mwaka 2023, bila kupita. Watetezi wanataja asilimia 23. Hapa msomaji ashike kalamu. Bidhaa ambayo muuzaji anabakiwa na dola 100 itauzwa dola 130. Watetezi huchukua 30 wakaigawa kwa 130, ndipo wanapata 23. Muuza sukari yeyote anajua kwamba aliyeongeza 30 juu ya 100 ameongeza asilimia 30. Tena majimbo 45 yana kodi zao za mauzo, ambazo nazo zingebaki.

Ni haki kusema kwamba muswada huo unafuta pia makato ya mishahara ya hifadhi ya jamii, na unaahidi kila familia malipo ya kila mwezi ili mahitaji ya lazima yasitozwe. Hata hivyo, jopo la ushauri wa kodi la Rais George W. Bush lililikataa wazo la kodi ya mauzo mwaka 2005. Makadirio ya Wizara ya Fedha yalionyesha kwamba kufuta kodi ya mapato peke yake kungehitaji asilimia 34 juu ya bei, hata kama wakwepaji wangekuwa wachache.

Na wakwepaji ndio kiini cha jambo. Kodi yote inategemea mkono mmoja, wa muuzaji wa mwisho. Anayeuza bila risiti anampita jirani yake mwaminifu kwa dola 30 katika kila 100. Hakuna duka linaloweza kushindana na punguzo hilo kwa muda mrefu. Kwa taabu yote hiyo, mkusanyaji angepewa ujira wa takriban robo ya asilimia moja ya kodi aliyokusanya.

Afrika Mashariki ilikwisha kuziacha kodi zake za zamani za mauzo, zilizotozwa hasa viwandani na forodhani. Kenya iliingia kwenye VAT mwaka 1990, Uganda 1996, ambapo wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa hasira, na Tanzania Julai 1, 1998. VAT ina karaha zake, hasa marejesho yanayochelewa. Lakini kila hatua hulipa sehemu yake, na muuzaji wa mwisho akikwepa, serikali inakosa kipande tu. Marekani ingeelekea kinyume.

Kuna pia suala la Katiba. Kodi ya mapato inalindwa na Marekebisho ya 16 ya mwaka 1913, na kuyafuta kunahitaji theluthi mbili ya mabunge yote mawili pamoja na majimbo 38. Muswada wenyewe unasema yasipofutwa ndani ya miaka 7, kodi ya mauzo inakoma. Wakati huo mwenye duka atakuwa amekwisha kununua mashine na kuajiri karani.