AFYA YA JAMII: Si kila kiu ni ya joto

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yafaa kuyaeleza maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini kutoka nje, huugeukia mwili wenyewe. Ikishambulia viungo, huleta aina moja ya baridi yabisi. Ikishambulia kongosho, huleta kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huwapata watoto na vijana.

Taabu ni kwamba maradhi haya hujificha nyuma ya yale tuliyoyazoea. Chukua mfano wa Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, ambako kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza kupokea wakimbizi mwaka wa 1991 na 1992. Jua la huko ni kali, hivyo mtoto akiomba maji kila mara, mzazi husema ni joto. Akikonda, husema ni uhaba wa chakula. Akitapika, hudhaniwa ana malaria. Akihema kwa kasi, hudhaniwa ni nimonia. Kumbe damu imejaa sukari ambayo mwili hauwezi kuitumia kwa kukosa insulini, na asipoipata atakufa.

Daktari hujuaje basi? Kwanza huuliza. Je, mtoto anakojoa mara ngapi usiku? Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, ameanza tena? Swali hili ni muhimu, kwa maana mwenye kiu ya joto hukojoa kidogo, ilhali mwenye kisukari hunywa sana na kukojoa sana.

Pili, hutoboa kidole na kupima tone la damu. Sukari ikifika kipimo cha 11.1 au zaidi, pamoja na dalili hizo, hicho ni kisukari. Mkojo nao hupimwa kuona kama una ketoni, yaani sumu inayotokea mwili unapochoma mafuta yake kwa wingi.

Tatu, maabara kubwa huweza kutafuta katika damu zile kingamwili zinazoshambulia kongosho. Hata hivyo, mtoto aliye mahututi hangojei majibu hayo. Huanzishiwa insulini mara moja. Tena katika maradhi mengine ya jamii hii, kama lupasi, kipimo cha damu peke yake hakitoshi, kwani hata watu wazima wa afya huweza kuonekana na kingamwili za namna hiyo. Ndiyo sababu daktari mwema husikiliza kabla ya kupima.

Wazazi wengine huuliza: insulini itahifadhiwa wapi pasipo jokofu? Mwaka wa 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia vipimo vya joto vilivyochukuliwa Dagahaley. Walionyesha kwamba insulini huweza kukaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 bila kupoteza nguvu. Kukosa jokofu, basi, si hukumu ya kifo.

Mzazi mpenzi, ukiona mtoto anakunywa sana, anakojoa sana na kukonda, usingoje wiki ipite. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na uombe apimwe sukari. Ni tone moja tu la damu.