Kupima selimundu si anasa

Mwandishi aliyedai kwamba kupima magonjwa ya kurithi ni anasa ya wenye bima, na kwamba mtoto apimwe akishaugua, amekosea pabaya. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu, mojawapo ya magonjwa hayo, kila mwaka. Wazazi wao wengi hawaumwi chochote: kila mmoja amebeba kinasaba kimoja tu, na kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Tumsubiri augue? Miezi ya mwanzo himoglobini aliyotoka nayo tumboni humkinga, dalili zikajificha. Ndiyo maana kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe nyekundu hujipinda, kinachofanywa na maabara ndogo, iwe Sinza au Kimara, hakimfai kichanga, na hata kwa mtu mzima hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Kinachotakiwa ni kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Akigundulika mapema, mtoto huanzishiwa penisilini na chanjo, kisha dawa ya haidroksiyurea, kabla maambukizi hayajamuua.

Hospitali ya Mloganzila ipo humu humu Ubungo. Manispaa ipeleke sampuli za vichanga huko kwa kipimo hicho, na mzazi asidaiwe hata shilingi.