Shinkolobwe: kukataza si kusafisha

Ndugu raia, vijana wenzetu wa Likasi, Lubumbashi na Kolwezi,

Dunia yote inajua mawe ya Shinkolobwe. Mu 1940 Union Minière ilikwisha kupeleka tani zaidi ya 1 000 New York, na sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu ya Hiroshima ilitoka kwetu. Mu 1960, mbele ya uhuru, mashimo yalifungwa. Mawe yalienda. Uchafu ulibaki.

Leta yetu ilifanya nini? Mu Januari 2004, Rais alisaini dekreti: hakuna kuchimba tena. Mu Julai ya mwaka uleule, udongo uliporomoka na kuua watu 8, fasi ambayo mu makaratasi ilikuwa imefungwa. Kisha wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kuangalia. Zaidi ya miaka 20 imepita. Tunauliza: mupango wa kusafisha uko wapi?

Wengine wanasema kukataza inatosha. Hapana. Dekreti haizuie mvua kubeba udongo mpaka mu mito, wala upepo kupeleka vumbi. Radiumu ya mu takataka za uraniumu inachukua miaka 1 600 juu ya kupunguka nusu tu. Hakuna manda ya rais inafika pale.

Wengine wanasema: tutafute mwekezaji, yeye atasafisha. Tunaijua hiyo wimbo. Anachimba, anauza, anaenda, na raia anabaki na shimo.

Lakini kusafisha si kutuma mashini kesho asubuhi. Ukichimbua ovyo, unaamsha vumbi. Kazi iko na mustari wake.

Kwanza, kupima: udongo, mito, visima, mashamba. Matokeo yasomwe mbele ya wanakijiji, mu Kiswahili, isiwe karatasi ya kulala mu biro Kinshasa.

Pili, kutenga: alama, uzio, na mifereji ya kugeuza maji ya mvua.

Tatu, kukusanya takataka fasi moja na kuzifunika na udongo wa mfinyanzi, juu yake udongo wa kuota majani, ili maji yasiingie na gesi ya radoni isitoke ovyo.

Ine, kurudi kupima kila mwaka, hata kama hakuna kamera.

Na wachimbaji? Mtu mwenye njaa anaruka uzio. Mupango usiokuwa na kazi kwa wale watu, usiku mumoja watakata waya. Wao wawe wa kwanza kuandikwa kazi, na vifaa vya kujikinga. Pembeni yao wako vijana wenye diplome ya jeolojia na kemia, wanashinda nyumbani. Sisi tuko kati yao. Hatuombe zawadi, tunaomba kazi ile inatuhusu.

Feza? Katiba, mu artikle 54, inasema uchafuzi unaotoka mu kazi ya uchumi lazima ulipiwe ao urekebishwe. Gécamines ilirithi mine za Union Minière, basi irithi na uchafu. Ubeleji na Marekani, walifaidi, nao wakae ku meza.

Kwa guvernera wa Haut-Katanga, kwa ministeri ya mazingira na kwa komisaria ya nguvu za atomu, tunaomba vitu vitatu: tarehe, bajeti, na jina la mwenye kujibu.

Na wewe kijana, mudeputé wako akikuja kuomba kura, umuulize Shinkolobwe. Usimuache aende mbele ya kujibu.