Gishe iko Goma, ufunguo uko wapi?

Januari 2025, M23 walipoingia Goma, mabanki yalifunga milango. Wakaaji wakabaki na swali moja: feza yangu iko wapi hasa?

Tuchukue EquityBCDC. Ilizaliwa Brussels mwaka 1909, kwa jina la Banque du Congo Belge. Tangu 1911 njo yenyewe ilikuwa inatoa noti za koloni, mpaka 1952 kazi hiyo ilipoenda kwa Banki Kuu. Inchi ilibadili jina, nayo ikabadili: kwa Mobutu ikawa Banque Commerciale Zaïroise, 1997 ikarudia Congo, yaani BCDC, makao Kinshasa. Mwaka 2020 Equity Group ya Nairobi ilinunua kwa familia Forrest asilimia 66 ya hisa, dola milioni 95, ikaiunganisha na Equity Bank Congo, ambayo nayo zamani iliitwa ProCredit.

Brussels, Kinshasa, Nairobi. Goma na Bukavu siye tulipata gishe na mashini za kutolea makuta. Noti zenyewe zinatoka kwa Banki Kuu, na ikifunga kasa lake hapa, banki ya kibiashara haina pa kujazia. Kwa hiyo akaunti haikupotea, namba bado iko kwenye kompyuta; lakini mwenye akaunti alianza kuvuka mpaka Gisenyi, ao kutoa kwa simu na kuacha komisyo.

Aprili, AFC/M23 walifungua CADECO, kasa la akiba la tangu 1950. Jina wazee wanalikumbuka. Ila gishe yake haiwezi kumpa mwalimu mshahara uliokwama kwa banki ingine.