Msiwaite Wasaliti

Mwezi uliopita, katika msiba mmoja Newala, nilimsikia mtumishi wa umma akimwita mtoto wa marehemu msaliti. Kosa lake ni kwamba alikwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamivu, akapata kazi ya kufundisha hukohuko. "Korosho za baba yake ndizo zilizomsomesha," alisema, na waliokuwapo wakaitikia. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa nasema.

Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujapoa, Karl Weule wa Leipzig alifika Newala. Wala hakukusudia kuja. Safari yake ilikuwa ya Kondoa Irangi, ikageuzwa kusini kwa sababu ya machafuko ya huko. Alikaa miezi michache katika nchi yetu hii, akapiga picha, akarekodi nyimbo kwa fonografu, akakusanya vinyago, akarudi kwao. Mwaka 1907 alikuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1908 kitabu chake kikatoka. Hadi leo anayetaka kuijua Newala ya wakati ule hupata mengi Leipzig kuliko Newala. Basi kijana wetu aliyeifuata elimu huko amesaliti nini?

Na sisi tuliobaki, je, tumebaki kweli? Kupanda cheo chuoni hutegemea makala katika majarida, na yenye uzito ni yale ya ng'ambo. Bibi aliyenisimulia habari za shida ya maji ya uwanda huu hataisoma makala yangu, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza na kuuzwa kwa dola. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kutenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Siipingi tuzo hiyo. Lakini serikali inayosifu makala iliyosafiri haina haki ya kumtukana mwandishi aliyeifuata.

Sikatai kwamba pengo lipo. Mmoja akiondoka, sisi wengine tunasimamia tasnifu zake usiku. Ila wewe mtumishi unayelaumu, nikuulize: angerudi, kibali cha ajira kingetoka lini? Maabara iko wapi? Nani amemwandikia hata barua moja kumwomba asimamie wanafunzi wetu akiwa hukohuko?

Alikuja kuzika kwa siku sita. Alileta katoni mbili za vitabu, akauliza azikabidhi wapi. Hakuna aliyemjibu.