Hesabu ya jodari isiachiwe wenye ndoana peke yao

Meli inayovua jodari kwa mshipi mrefu inapotia nanga Durban, Afrika Kusini, huwa na mambo mawili ya kukaguliwa: samaki walioganda na daftari la nahodha. Bei ya samaki hupangwa sokoni. Lakini daftari ni miongoni mwa mambo yanayoamua mataifa ya Bahari ya Hindi yavue kiasi gani miaka ijayo.

Hakuna awezaye kuhesabu samaki baharini mmoja mmoja. Wataalamu hutazama ni wangapi wamenaswa kwa kila ndoana 1,000. Mshipi mmoja unaweza kufika kilomita 100 na kubeba ndoana 3,000. Ndoana zikirudi tupu mwaka hadi mwaka, husemwa samaki wamepungua.

Njia hii ina mitego yake. Nahodha hatupi mshipi popote, bali huwafuata samaki waliko. Hivyo ndoana zinaweza kujaa huku bahari ikiishiwa. Kati ya mwaka 2008 na 2011, maharamia wa Kisomali waliwafukuza wavuvi magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ndoana zilipopungua, takwimu nazo zikapungua, bila samaki kuwa na kosa lolote.

Mwaka 2003, wanasayansi Ransom Myers na Boris Worm walitumia takwimu za meli za Japani kueleza kwamba asilimia 90 ya samaki wakubwa wawindaji duniani walikuwa wametoweka. Wenzao wakawapinga vikali. Na tangu mwaka 2015, Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC) yenye makao Shelisheli ilimhesabu jodari wa mapezi ya njano kuwa amevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2024, takwimu za mishipi zilipochambuliwa upya, tathmini ikasema sivyo.

Haya si malumbano ya wasomi tu. Hesabu ikizidishwa, mvuvi wa Pemba au Lamu ataamka bahari ni tupu. Ikipunguzwa, nchi zetu zitabanwa kabla hata hazijaanza kuvua bahari kuu.

Watanzania wanawakumbuka "samaki wa Magufuli". Machi 2009, meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, ikiwa na wakaguzi wa nchi za ukanda huu, iliikamata Tawariq 1 ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Hukumu ya kesi hiyo ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2014. Lakini swali limebaki: bila doria ile, tani hizo zingeandikwa katika daftari la nani?

IOTC inataka waangalizi washuhudie angalau asilimia 5 tu ya kazi za meli kubwa. Afrika Kusini, iliyojiunga na kamisheni hiyo mwaka 2016, huzitaka meli za nje zinazovua chini ya leseni zake zibebe mwangalizi kila safari. Kwa maoni yetu, huo ndio mfano wa kuigwa na Tanzania, Kenya na Msumbiji. Mizigo inayoshushwa Durban, Mombasa na Dar es Salaam nayo ipimwe na kulinganishwa na maandishi ya nahodha, na vijana wetu wasomeshwe kuzichambua takwimu hizo wenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: daftari likiandikwa na mnunuzi peke yake, mwenye mali hana budi kuuliza.